Kadi ya Polisi na Sauti ya Mwimbaji

Haya ni mazungumzo yaliyotangazwa redioni Jumapili iliyopita, na yanachapishwa hapa kama yalivyosomwa.

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya baa. Najua wapo watakaoguna: Jumapili asubuhi na baa wapi na wapi? Tulieni. Siji kuzungumzia bei ya bia wala uhaba wa nyama choma. Nataka tumzungumzie yule mtu anayesimama kwenye kona ya baa, kipaza sauti mkononi, akiimba huku meza hii wanaagiza, meza ile wanacheka, na mwingine anamwita mhudumu kwa kugonga chupa. Mtu huyo tunamwonaje? Na je, tungeambiwa kwamba amesomea kuimba katika chuo kikubwa cha muziki, tungemwona vinginevyo?

Swali hilo limenikaa kichwani tangu nilipoitazama filamu moja iliyorekodiwa katika jiji la New Orleans, huko Marekani, na kuonyeshwa na televisheni ya HBO mwaka 2016. Ukitafuta ndani yake milipuko na magari yanayofukuzana, hutayaona. Kuna mwanamke mmoja aliyevaa gauni jeupe, wapiga muziki watatu, kipaza sauti, glasi ya pombe, na watu waliokaa kwenye meza ndogo ndogo. Basi. Kwa muda wa kama saa moja na nusu mwanamke huyo anaimba, anapiga soga, anakunywa, anaimba tena, na mbele ya macho yetu anaporomoka kidogo kidogo kama ukuta wa udongo wakati wa masika.

Mwanamke huyo ni Audra McDonald. Alizaliwa Berlin Magharibi mwaka 1970, baba yake akiwa huko katika jeshi la Marekani, akakulia katika mji wa Fresno, jimbo la California. Akaenda New York kusoma katika Chuo cha Juilliard, ambacho kwa wanamuziki ni sawa na Makka kwa mahujaji. Akasomea uimbaji wa klasiki, yaani ule wa opera na kumbi kubwa, akahitimu mwaka 1993. Sauti yake ni soprano, sauti ya juu ya kike, safi kama kengele.

Nieleze kidogo maana ya kusomea uimbaji wa namna hiyo, kwa sababu wengi wetu hudhani kuimba ni kufungua mdomo tu. Mwimbaji wa opera husimama mbele ya wapiga muziki hamsini, sitini, pengine zaidi, mbele ya watu elfu mbili au tatu, na hana kipaza sauti. Sauti yake inapaswa kuvuka vinanda, ngoma na tarumbeta zote hizo, ifike kwa mtu aliyekaa kiti cha mwisho juu kabisa, tena ifike bila kupiga kelele. Kwa hiyo miaka mingi ya masomo inakwenda katika mambo ambayo sisi hatuyaoni: namna ya kushusha pumzi chini ya mbavu na kuitoa polepole kwa vipimo, namna ya kulegeza koo, namna ya kuipa sauti nafasi kichwani na mdomoni ili ivume yenyewe. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa.

Sasa mchukue mtu aliyeundwa namna hiyo, umweke kwenye baa. Hapo ndipo tunapokutana na neno kabare. Kabare ni baa au mkahawa wenye jukwaa dogo, ambako mtu huimba huku wateja wakila na kunywa, hatua tatu tu kutoka kwake. Ile iliyopata sifa kuliko zote ilifunguliwa Paris mwaka 1881, katika mtaa wa Montmartre, ikaitwa Le Chat Noir, yaani Paka Mweusi. Mwimbaji wa kabare hana pa kujificha. Hana mapambo ya jukwaa, hana kundi la waimbaji nyuma yake, hana gauni la malkia. Ana hadithi zake, nyimbo zake, na macho ya watu waliokwisha kunywa.

Sisi watu wa redio jambo hilo tunalijua kwa njia yetu. Mtangazaji mgeni akiingia studio kwa mara ya kwanza huzungumza kama anahutubia uwanja wa mpira. Humchukua muda kutambua kwamba kipaza sauti ni sikio la mtu mmoja, na kwamba sikioni mwa mtu hakuna haja ya kupaza sauti. Kwa mwimbaji wa opera mambo hupinduka hivyo hivyo. Nguvu zote alizozitafuta kwa miaka, kwenye kabare zinageuka kuwa adui. Akiimba kama alivyofundishwa, wateja wa meza ya kwanza wataziba masikio.

Labda utasema kwamba McDonald alikwenda baa kwa sababu kumbi zilimkataa. La hasha. Mwaka 1996 alipata tuzo ya Tony, ambayo ndiyo tuzo kuu ya maigizo ya jukwaani huko New York, kwa kuigiza mwanafunzi wa uimbaji anayefundishwa na Maria Callas katika mchezo wa Master Class. Mwaka 2006 aliimba katika jumba la opera la Houston kazi ya Mfaransa Francis Poulenc iitwayo La Voix humaine, opera ya mtu mmoja peke yake: mwanamke anazungumza kwa simu na mpenzi anayemwacha, mwanzo hadi mwisho. Mwaka 2007 akaimba Los Angeles katika opera ya Kurt Weill. Milango ya kumbi ilikuwa wazi kwake. Aliingia baa kwa hiari yake, na alipoingia, hakwenda kujionyesha yeye. Alikwenda kumsimamisha tena mwanamke mwingine.

Mchezo wenyewe unaitwa Lady Day at Emerson's Bar & Grill. Uliandikwa na Lanie Robertson, ukachezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1986. Lady Day lilikuwa jina la utani la Billie Holiday, mwimbaji wa jazz aliyezaliwa mwaka 1915. Mchezo unatupeleka katika baa moja ndogo ya mji wa Philadelphia, mwezi Machi 1959, usiku mmoja tu. Billie anaimba mbele ya wateja wachache. Ana miaka 43, na amebakiza miezi minne ya kuishi. McDonald aliucheza Broadway, New York, mwaka 2014, na ukumbi ukapangwa meza katikati kama baa ili watazamaji wakae ndani ya hadithi yenyewe. Mwaka huo akapata tuzo yake ya sita ya Tony. Kabla yake hapakuwa na mwigizaji aliyefikisha sita katika kushindania tuzo hizo. Mwaka 2017 akaupeleka London.

Sasa fikiri kazi iliyokuwa mbele yake. Billie Holiday hakusoma muziki popote. Mwenyewe alisimulia kwamba alijifunza kwa kusikiliza sahani za santuri za Bessie Smith na Louis Armstrong, alipokuwa mtoto wa kutumwatumwa katika nyumba ya makahaba huko Baltimore. Sauti yake ilikuwa ndogo, haikupanda juu sana wala kushuka chini sana. Utajiri wake ulikuwa mahali pengine: namna alivyochelewa nyuma ya mdundo halafu akaukamata, namna alivyolivuta neno moja la kawaida mpaka likaonekana limesemwa leo kwa mara ya kwanza. Na kufikia mwaka 1959, pombe, heroini na maisha magumu vilikuwa vimeikwaruza hata hiyo sauti ndogo. Anayeisikiliza sahani yake ya Lady in Satin, ya mwaka 1958, anasikia mtu anayeimba kwa makombo ya sauti.

Basi huyu mhitimu wa Juilliard, mwenye sauti ya kengele, ilimbidi aikunje sauti yake yote na kuiweka sandukuni. Aivunje makusudi, aipe mikwaruzo, aifanye nyembamba na yenye kuchoka, tena kwa ratiba ya Broadway ambayo kwa kawaida ni maonyesho manane kwa wiki. Mtu asiyesoma akijaribu kufanya hivyo mwezi mmoja, koo litamfia. Hapo ndipo masomo yalipomfaa. Pumzi ileile iliyofundishwa kuvuka vinanda sitini ilitumika kubeba sauti ya mgonjwa bila kumuua mwimbaji mzima. Wateja hawakuyaona masomo hayo hata chembe, na ndivyo ilivyotakiwa.

Lakini, msikilizaji, swali lililonifanya nikae mbele ya kipaza sauti leo ni jingine. Kwa nini Philadelphia? Billie Holiday alijipatia jina New York. Huko ndiko kulikokuwa na vilabu vya jazz, wapenzi wake na mikataba. Ilikuwaje mwimbaji mashuhuri kama yeye akamalizia siku zake kwenye vibaa vya miji mingine?

Jibu ni kipande cha karatasi. Tangu mwaka 1940, mtu yeyote aliyetaka kufanya kazi New York mahali penye burudani na pombe, awe mwimbaji, mpiga piano, mhudumu au mpishi, ilimlazimu awe na kadi ya kabare. Kadi hiyo haikutolewa na chama cha wanamuziki wala chuo. Ilitolewa na polisi. Ulipigwa picha, ukachukuliwa alama za vidole kama mshukiwa wa wizi, ndipo ukaruhusiwa kuimba. Na polisi waliotoa waliweza pia kunyang'anya au kukataa, hasa kama uliwahi kupatikana na hatia.

Mwaka 1947 Billie Holiday alikamatwa kwa kosa la dawa za kulevya, akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na siku moja, akapelekwa katika gereza la wanawake la Alderson, West Virginia. Alitoka Machi 1948. Kifungo kilikuwa kimekwisha, lakini adhabu ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, kwani kadi yake ilikwisha kwenda. Kwa miaka iliyobaki ya maisha yake, mlango wa klabu za New York zinazouza pombe ulikuwa umefungwa mbele ya mwimbaji aliyezijaza watu klabu hizo hizo.

Sikilizeni sasa ajabu yenyewe. Tarehe 27 Machi 1948, siku chache tu baada ya kutoka gerezani, Billie Holiday aliimba Carnegie Hall, ukumbi maarufu kuliko kumbi zote za muziki wa klasiki New York. Tiketi zote ziliuzwa, na watu wakapangiwa viti hata jukwaani. Hakuna polisi aliyemzuia, maana ukumbi ule haukuuza pombe na sheria ya kadi haikuufikia. Maana yake ni kwamba serikali ya jiji ilimwona anafaa kuimba pale walipoimba mabingwa wa opera, lakini hafai kuimba mahali ambako mtu anakunywa bia. Ukumbi ulimpokea, baa ikamkataa. Na Carnegie Hall ni ya usiku mmoja mmoja tu. Haikupi mkate wa kila wiki. Mkate wa mwimbaji wa jazz ulikuwa kwenye klabu.

Hakuwa peke yake. Thelonious Monk, mpiga piano ambaye leo vyuo vya muziki vinafundisha tungo zake, alinyang'anywa kadi mwaka 1951 kwa kesi ya dawa za kulevya, akakaa miaka sita hawezi kufanya kazi ya maana kwenye klabu za jiji lake mwenyewe. Alipoipata tena mwaka 1957 akaingia katika klabu iitwayo Five Spot, na watu wakasema kipaji kipya kimezuka. Kipya kitu gani? Kipaji kilikuwapo miaka yote ile, kimekaa nyumbani kinangoja muhuri. Kadi hizo zilifutwa mwaka 1967, miaka minane baada ya Billie kuzikwa. Sheria mama ya kabare ya jiji hilo, iliyotungwa mwaka 1926, ilidumu mpaka mwaka 2017.

Kuna mkasa mwingine unaofanana na huo kama pande mbili za sarafu. Mwaka 1939 Marian Anderson, mwimbaji Mweusi aliyesomea uimbaji wa klasiki na aliyekwisha kushangiliwa Ulaya, alitaka kuimba katika ukumbi wa Constitution Hall jijini Washington. Chama cha akina mama wenye ukumbi huo kilikataa, kwa sababu ya rangi yake. Tarehe 9 Aprili, siku ya Pasaka, akaimba nje, kwenye ngazi za mnara wa Abraham Lincoln, mbele ya watu wapatao 75,000. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 20 Aprili, huko New York, Billie Holiday aliingia studio kurekodi Strange Fruit, wimbo ulioandikwa na mwalimu wa shule aitwaye Abel Meeropol juu ya Watu Weusi walionyongwa na makundi ya wahuni na kuachwa wananing'inia mitini.

Wimbo huo Billie alikuwa akiuimba kwenye klabu iitwayo Café Society, mojawapo ya klabu chache ambako Weusi na Weupe walikaa meza moja. Wakati wa kuuimba ulipofika, wahudumu walikatazwa kutembea. Taa zote zilizimwa, ukabaki mwanga mmoja usoni pake. Akimaliza, giza, na taa zikiwashwa tena yeye hayupo. Kampuni kubwa iliyokuwa na mkataba naye haikutaka kuurekodi wimbo huo, ikabidi aukurekodi kwa kampuni ndogo. Basi mnaona wenyewe. Mwezi mmoja, nchi moja. Aliyesomea kuimba ananyimwa ukumbi, na asiyesoma anasema ndani ya klabu ya pombe neno ambalo kumbi nyingi zisingethubutu kulitamka.

Ndiyo maana namwona Audra McDonald kama mtu aliyepita katika milango yote miwili kwa niaba ya wenzake wawili. Aliingia chuoni na kwenye opera kwa mlango uliobishwa na akina Marian Anderson. Kisha, akiwa na heshima yote hiyo mfukoni, akageuka, akarudi baa, kukaa mahali pa Billie Holiday. Hakwenda kumsahihisha. Hakutuonyesha jinsi nyimbo zile zingesikika kama Billie angesoma Juilliard. Alichukua kila alichosomea akakiweka chini ya miguu ya mtu asiyesoma.

Wapo wanaouliza kama ni haki kumgeuza mwanamke aliyeumia kuwa tamasha. Kulipa pesa nyingi, kukaa kitako, na kutazama mtu akilewa mpaka anayumba, je, si kufanya tena yale yale waliyomfanyia? Swali hilo ni zito, nami silipuuzi. Katika mchezo ule kuna wakati Billie anatoka jukwaani kidogo, na akirudi glavu yake ndefu imeshuka, alama za sindano zinaonekana mkononi. Kamera inatuonyesha watu mezani. Wamekaa kimya, glasi mkononi. Hapo mtazamaji anatambua kwamba yeye ndiye mteja. Yeye ndiye anayetaka wimbo mmoja zaidi, wakati mwimbaji anataka kwenda kulala. Nadhani mchezo unaolifanya jambo hilo kuwa wazi kiasi kile hauwezi kusemwa kwamba unafanya biashara ya machozi tu. Unatutia mikononi hesabu yetu.

Na hesabu ya Billie Holiday ilikuwa mbaya. Mwishoni mwa Mei 1959 alilazwa hospitalini New York. Akiwa kitandani alikamatwa tena kwa kosa la dawa za kulevya, na polisi wakawekwa kumlinda. Alifariki tarehe 17 Julai, umri miaka 44. Ugonjwa wake wa kutumia dawa haukupata tabibu kwa muda mrefu kama ulivyopata askari. Sisemi kwamba kadi peke yake ndiyo iliyomuua. Aliumizwa na watu wengi, na mengine alijiumiza. Lakini mtu anayepambana na ugonjwa anahitaji kazi, kitanda chake na watu wanaomjua. Kadi ile ilimnyang'anya kazi mjini kwake, ikamtupa barabarani, mji hadi mji, baa hadi baa, na pesa za kuhesabu.

Sasa turudi kwenye kona yetu ile ya baa, msikilizaji. Hapa kwetu miji mikubwa ina waimbaji wanaoishi kwa kazi hiyo. Wanapanda jukwaani saa tatu usiku, wanashuka saa tisa, wanatafuta usafiri wa kurudi nyumbani na vyombo begani. Tunazijua nyimbo zao, tunazipigia mluzi ofisini, lakini binti yetu akisema anataka kuwa mmoja wao nyumba nzima inawaka moto. Mwanamume akiimba baa ni mhuni, mwanamke akiimba baa msiniulize anaitwa nani. Halafu mwimbaji huyo huyo akialikwa kuimba kwenye hoteli ya kitalii, mbele ya wageni waliofunga tai, ghafla anakuwa msanii. Sauti ni ile ile. Wimbo ni ule ule. Kilichobadilika ni kitambaa cha meza.

Na habari ya karatasi nayo si ya Wamarekani peke yao. Serikali kutaka kuwajua wasanii wake si kosa. Tanzania, kwa mfano, msanii hujisajili kwa Baraza la Sanaa la Taifa, na usajili mzuri unaweza kumlinda mtu asidhulumiwe kazi yake. Ninachosema ni kwamba karatasi ya kumlinda msanii na karatasi ya kumfunga mdomo zinaweza kufanana kama mapacha. Tofauti yake utaijua siku msanii atakapokosea, au siku atakapoimba jambo lisilopendwa. Je, atanyang'anywa jukwaa tu, au atanyang'anywa na chakula cha watoto? Je, adhabu yake ina mwisho, au itamfuata kama ilivyomfuata Billie mpaka Philadelphia? Na nani atakayemsikiliza akitaka kukata rufani? Maswali hayo tuyaulize mapema, kabla mtu hajahukumiwa, maana yakiulizwa msibani hayamsaidii aliyelala.

Pia tuwaulize wale wenye vyuo na wale wenye majukwaa ya heshima. Elimu ya sanaa ni kitu kizuri, na ningefurahi kuona vijana wetu wengi zaidi wakisomea pumzi, nota na historia ya kazi yao. Lakini elimu isiwe uzio wa miiba. Kuna mwimbaji asiyejua nota hata moja, ambaye amesimama mbele ya walevi kwa miaka ishirini, na anajua jambo ambalo halimo katika kitabu chochote: namna ya kumfanya mtu aliyekuja kunywa aache glasi yake hewani na kusikiliza. Msomi wa kweli ni yule anayekwenda kukaa karibu naye na kujifunza, kama alivyofanya yule mhitimu wa Juilliard.

Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo tulivyorithishwa. Basi leo au kesho, ukipita mahali na kumkuta mtu anaimba huku watu wanakula, nakuomba jambo dogo tu. Dakika tatu za wimbo wake, usimwite mhudumu kwa kugonga chupa. Sikiliza. Mtunze kwa ulicho nacho. Muulize jina lake, ulikumbuke.

Mimi naishia hapo kwa leo. Tukutane tena Jumapili ijayo, wakati kama huu. Kwaherini.